Mikoriza si jina la kuvu

Mikoriza ni ushirika wa mzizi na kuvu, pamoja na kiungo kinachotokana na ushirika huo. Mmea hutoa sukari uliyoitengeneza kwa mwanga wa jua, kuvu huleta madini, hasa fosforasi. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Anayesema "nimeweka mikoriza kwenye udongo" kwa kawaida ameweka spora za pakiti, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo. Mikoriza itapatikana zikiota na nyuzi zake zikaupata mzizi ulio hai. Spora zikimwagwa mbali na mizizi haziundi mikoriza. Udongo ukijaa fosfeti, yaani fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia, mmea wenyewe hupunguza ukaribisho, kwa kuwa hauna haja ya kulipia kilichopo tayari. Kabichi na jamaa zake ndio kabisa: kwa kawaida hawashirikiani na kuvu hizi.

Linaloudhi zaidi ni hadithi kwamba mimea ilipanda nchi kavu, ikaota mizizi, ndipo kuvu zikajiunga. Mawe ya Rhynie, huko Uskoti, yanasema kinyume. Miaka milioni 407 hivi iliyopita, maji ya chemchemi za moto yenye silika, madini yanayounda mchanga, yaliigeuza mimea ya pale kuwa jiwe, seli kwa seli. Mmoja wao, Aglaophyton, ulikuwa na mashina matupu na vinyweleo vya kushikia ardhi. Hauna jani, hauna mzizi. Lakini ndani ya seli za shina lake vimo vitawi vya kuvu, arbaskuli, vinavyofanana na vya leo. Arbaskuli hupenya ukuta wa seli bila kuutoboa utando wake, na madini hupita hapo.

Mmea usio na mizizi ulihitaji msaada huo. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, haiji na maji kwa urahisi. Inabidi ifuatwe ilipo. Uzi wa kuvu, wenye unene wa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, huingia kwenye nyufa ambazo mzizi hauwezi kupita.

Jina lenyewe alilitunga Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885, kwa maneno ya Kigiriki ya kuvu na mzizi, akichunguza miti ya msituni ambayo kuvu hufunika ncha za mizizi yake. Kwa hiyo hata ushirika wa Aglaophyton, ukishika neno barabara, si mikoriza kamili: mzizi haupo. Wataalamu waangalifu huuita ushirika unaofanana na mikoriza. Na kile kilichomo kwenye pakiti kiitwe kuvu ya mikoriza.