“Nahodha, Tuondoke Saa Nne”

Juzi nimeambiwa tena: “Nahodha, tutakunywa chai kwanza, halafu tuondoke saa nne.” Mwezi ulikuwa mpevu. Saa nne asubuhi, mwezi mpevu, mlango wa Mkanda hapa Lamu ni matope na ndege wanaodonoa kaa.

Wageni wanaokuja Lamu wanaamini safari ya tanga ni upepo tu. Upepo ukikosekana tuna pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Mwenye amri ni maji. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ndio njia ya ndani ya kwendea visiwa vya Pate na Kiwayu, na maji yakipwa jahazi halipiti. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hapa hujaa alfajiri, yakajaa tena alasiri, na katikati ya asubuhi yako chini kabisa. Kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo usiniambie rafiki yako alipita Mkanda saa nne wiki jana. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ni hivyohivyo: unaingia kwa mkono wa mikoko maji yakiwa juu, na ukizubaa kwenye lile kaburi la nguzo la mwaka 1094 Hijria, utalizubalia mpaka maji yarudi.

Nimeshakwama pale Mkanda na familia moja muda wa saa tano, chombo kimelalia ubavu, watoto wanafukuza kaa, baba ananionyesha saa yake ya mkononi. Nikamwambia anionyeshe mwezi. Jamani, kabla hamjakata tiketi ya ndege, mpigieni nahodha mumuulize maji. Bei mtaiuliza baadaye.

Eti tanga haliendi joshi, kule upepo unakotoka? Linakwenda, kwa kupiga bisho, yaani kukata upepo kwa pembe, huku na huku. Wakati wa Kusi, upepo wa kutoka kusini, kwenda Kiwayu ni starehe, kurudi ni bisho mchana kutwa. Wekeni siku moja ya akiba.

Eti Kusi hakuna safari? Nje ya Shela mwezi wa Julai hata mimi sitoki. Ndani, nyuma ya Manda, tunatembea.

Eti usile, utatapika? Tumbo tupu ndilo linalosumbua. Kula mkate wa mofa, kaa katikati ya chombo, tazama mbali, na simu iweke mfukoni.

Na chombo kikiinama hakijazama. Baharia atatoka nje juu ya ubao wa upande wa joshi, uzito wake ukisawazishe. Akikwambia “hamia joshi”, hamia. Usibaki demani, upande ulioinama, unampiga picha.