Sheria za gesi: fomula unaijua, namba ndo zinakuangusha

Nimewasaidia wanafunzi wengi maswali ya presha, ujazo na joto, na fomula wanaijua hata ukiwaamsha saa nane usiku, P1V1/T1 = P2V2/T2 (P ni presha, V ujazo, T joto, 1 ni mwanzo na 2 ni mwisho). Wanaangukia kwenye namba wanazochomeka humo ndani, na inaniuma kwa sababu makosa yenyewe ni yaleyale kila mwaka.

"Nyuzi 40 ni joto mara mbili ya nyuzi 20." Hapana kabisa. Sifuri ya sentigredi ni pale maji yanapoganda tu, gesi haina habari na maji, yenyewe inahesabu kuanzia sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, ambayo iko chini huko kwenye −273, na kipimo kinachoanzia hapo ndo kelvini. Kwa hiyo nyuzi 20 ni kelvini 293 na nyuzi 40 ni kelvini 313, presha isipobadilika ujazo unaongezeka kama asilimia 7 basi. Ukitaka ujazo uwe mara mbili inabidi ufike kelvini 586, yaani nyuzi 313, hiyo ni joto la oveni iliyopitiliza!

"Namba ya geji (kile kipima upepo) ndo presha ya kuweka kwenye fomula." Hii hata walimu wengine wanaipita haraka. Chukua tairi la gari, asubuhi fundi kajaza upepo psi 30 (psi ni yuniti ya presha) kukiwa na nyuzi 27, gari likapiga safari ndefu juani tairi likafika nyuzi 57. Ujazo wa tairi tuseme haujabadilika. Anayetumia sentigredi anapata psi 63, yaani anaamini tairi liko mbioni kupasuka. Anayekumbuka kelvini lakini akaacha 30 ilivyo anapata 33, kakaribia ila bado, kwa sababu geji inasoma ile presha iliyozidi ya hewa ya nje tu, ndo maana tairi lenye pancha geji inasoma sifuri wakati hewa ndani bado ipo. Ongeza presha ya hewa ya nje kwanza, 30 + 14.7 = 44.7, zidisha kwa 330 gawanya kwa 300 (nyuzi 57 na 27 kwa kelvini) unapata kama 49.2, halafu toa tena 14.7, jibu psi 34.5. Ndo maana wanakwambia upepo upimwe tairi likiwa la baridi, ukipunguza likiwa limechemka kesho asubuhi utalikuta limelegea.

"Lazima ubadilishe kila yuniti." Kwenye fomula hii presha na ujazo viache tu, lita kwa lita, psi kwa psi, ilimradi pande zote zifanane. Joto ndo halina msamaha, kelvini kila siku. (Ukihamia PV = nRT, ambayo n ni kiasi cha gesi na R ni namba isiyobadilika, hapo ndo inabidi yuniti ziendane na R.)

Halafu kuna mtungi wa gesi wa jikoni. Watu wanadhani gesi ikibaki nusu na presha inabaki nusu, kama Boyle, mwanasayansi wa sheria ya presha na ujazo, alivyosema 1662. Boyle aliongelea gesi ileile kiasi kilekile kwenye joto lisilobadilika, na mle ndani ya mtungi sehemu kubwa ni kimiminika, unasikia kabisa kinacheza ukiutikisa. Ukipika, kimiminika kinageuka mvuke kujazia uliotoka, kwa hiyo presha inakaa karibu palepale mpaka kimiminika kiishe, ndo ghafla jiko linazima na maharage hayajaiva. Kujua kilichobaki tumia mizani, toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa pale juu: mizani ikisoma kilo 20 na mtungi mtupu ni kilo 14, una kilo 6 za gesi. Na kama mizani inasema ipo ila moto umefifia baada ya kupika muda mrefu, mtungi umepoa kwa sababu kugeuka mvuke kunakula joto, uache upumzike kidogo, usiusogeze karibu na moto hata siku moja.