Dawa ya bei nafuu si lazima iwe bandia

Upo ujumbe unaozunguka kwa miaka katika makundi ya mtandaoni, ukidai kwamba dawa isiyotoka kwa kampuni iliyoivumbua ni bandia au imepunguzwa nguvu, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Dai hilo si kweli.

Tofauti ya bei hutokana zaidi na hataza, yaani haki ya kisheria ambayo kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu maombi kuwasilishwa, na ambayo humzuia mwingine kutengeneza dawa hiyo bila ruhusa; muda huo ukiisha, viwanda vingine huweza kutengeneza dawa hiyo hiyo na kushindana kwa bei. Bila haki hiyo, wachache wangethubutu kugharimia majaribio ya miaka mingi. Lakini mzigo wake humwangukia mgonjwa. Mwaka 2000 dawa za kufubaza VVU ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka, na mwaka 2001 kiwanda cha India, nchi ambayo wakati huo haikutoa hataza kwa dawa zenyewe, kilizitoa kwa takriban dola 350.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa vidonge hutofautiana rangi na umbo, na dawa bandia kweli zipo, ingawa waghushi huiga hata chapa za ghali. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Linganisha maboksi ya dawa ya ghali na ya nafuu: jina la kiambato tendaji, yaani kemikali inayotibu, na miligramu zake; angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha mwombe mfamasia akuthibitishie kama dawa hiyo imesajiliwa nchini.