Swali la Mpemba: maji ya moto, maji baridi na friza moja

Mwaka 1963, wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Friza dogo, wanafunzi wengi, nafasi ya kugombea. Siku moja Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, alikuwa bado na maziwa yake jikoni alipomwona mwenzake akikoroga sukari kwenye maziwa yasiyochemshwa na kuyakimbiza kwenye trei asikose nafasi. Mpemba akaona akingoja yake yapoe, trei ya mwisho itakwenda. Akayamimina yakiwa ya moto vile vile, huku akijua kwamba anaweza kuliharibu jokofu la shule. Saa moja na nusu baadaye wakaenda kuangalia. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito.

Nafundisha fizikia, na kila mara darasa linapofika kwenye mada ya joto nawasimulia wanafunzi wangu habari hii. Wengi wamekwisha kuisikia. Wanajua kwamba Mtanzania alikuwa na jambo lake kuhusu maji ya moto kuganda haraka, na kwamba dunia nzima sasa inaliita jambo hilo kwa jina lake. Ninachotaka wakione ni kile kilichofuata baada ya trei kutolewa frizani, maana hapo ndipo fizikia ilipo.

Mpemba alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akalikubali jibu, lakini swali halikumtoka. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wao huiweka frizani ikiwa ya moto kwa sababu huganda upesi. Watu wa kazi walikuwa wanalijua siku nyingi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akasoma kanuni ya Newton ya kupoa, na swali likarudi kwa nguvu mpya. Mwalimu wa huko alipoona kijana hataki kuachia akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hesabu darasani, wenzake walisema hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Hata hivyo walimu wale walikuwa na hoja, na mwanafunzi anayetaka kuelewa uzito wa swali hili lazima kwanza aielewe hoja hiyo hadi mwisho. Chukua bika mbili zinazofanana, kila moja na maji ya ujazo ule ule. Moja ina maji ya nyuzi 35, nyingine ya nyuzi 100. Ziweke kwenye friza. Newton anasema kitu hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya halijoto yake na ya mazingira, kwa hiyo maji ya moto yatashuka kwa kasi zaidi mwanzoni. Hilo halina ubishi. Lakini ili yafike sifuri, lazima yapite kwenye nyuzi 35. Yakifika hapo, yako pale pale maji baridi yalipoanzia, na safari iliyobaki ni ile ile. Maji baridi tayari yako mbele, yatapitwaje?

Hoja hiyo ni safi, na ina dhana moja tu iliyojificha ndani yake: kwamba ukishajua halijoto ya maji, umejua kila kitu kuyahusu. Swali la Mpemba linaigonga dhana hiyo hasa. Maji yaliyoshuka kutoka nyuzi 100 hadi 35 si lazima yawe sawa na maji yaliyokuwa nyuzi 35 tangu mwanzo, hata kipimajoto kikisoma namba moja. Njiani mengi yametokea.

La kwanza ni mvuke. Maji ya moto yakiwa wazi hupoteza sehemu yake hewani, na kugeuza maji kuwa mvuke kunakula nishati nyingi mno. Tupige hesabu. Gramu 100 za maji zikishuka kutoka nyuzi 100 hadi sifuri zinatoa kama kilojuli 42. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na takriban kilojuli 2.3 hadi 2.5. Maana yake, kama nishati yote ingetoka kwa njia ya mvuke peke yake, ungepoteza gramu 17 hivi, na ungebaki na gramu 83 za kugandisha badala ya 100. Kugandisha gramu moja kunahitaji kuondoa kilojuli 0.334, kwa hiyo umejiokolea kilojuli tano na ushee. Ndani ya friza halisi, chombo hupoteza joto kwa njia nyingine pia, basi maji yanayopotea ni pungufu ya hayo. Mvuke ni sababu ya kweli, ila peke yake haitoshi kila mahali. Mwaka ule ule ambao kazi ya Mpemba ilichapishwa, yaani 1969, mwanasayansi G. S. Kell wa Canada naye alichapisha makala kuhusu maji ya moto na baridi kuganda, akitegemea zaidi maelezo haya ya mvuke.

La pili ni mikondo ndani ya maji. Maji ya moto yakipoa kutoka juu, yale yaliyopoa yanazama na ya moto yanapanda, na mzunguko huo unaufanya uso wa juu ubaki wa moto kuliko wastani wa chombo kizima. Uso wa moto hutoa joto haraka. Kwa hiyo bika iliyoanza na nyuzi 100, wastani wake ukifika 35, bado ina mzunguko mkali na kichwa cha moto. Bika iliyoanza na 35 imetulia. Namba moja, hali mbili.

Kuna pia hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, ambayo kuchemsha huifukuza. Na kuna theluji nyembamba iliyojishikiza kwenye sakafu ya friza: chombo cha moto huiyeyusha kikakaa moja kwa moja juu ya chuma, ilhali chombo baridi kinabaki juu ya tabaka linalozuia joto kupita. Hili la mwisho linapuuzwa sana na wanafunzi, nami nadhani katika majokofu ya zamani yasiyojiyeyusha lilikuwa na uzito mkubwa.

Halafu kuna jambo linaloitwa kupoa kupita kiasi. Maji safi yaliyotulia hayaanzi kuganda pale pale yanapofika sifuri. Yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya hapo yakiwa bado majimaji, yakisubiri punje au mkwaruzo wa kuanzishia barafu. Bika mbili zinazofanana kabisa zinaweza kutofautiana dakika nyingi kwa sababu hiyo tu, bila halijoto ya mwanzo kuhusika.

Sasa tazama tena ile trei ya Magamba. Maziwa mawili yale yalitofautiana kwa mambo mawili kwa pamoja: moja lilikuwa la moto, na pia lilikuwa limechemshwa, jingine halikuchemshwa hata kidogo. Huwezi kujua ni lipi lililofanya kazi. Ndiyo maana kitendo ninachokipenda kuliko vyote katika habari nzima si kile cha 1963. Ni siku ambayo Mpemba, akiwa Mkwawa, alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na hakuna mtu ndani. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji yaliyochemka, akazitia kwenye friza la maabara. Baada ya muda akaenda kuangalia, akakuta ile ya maji ya moto ina barafu nyingi zaidi. Maziwa yameondoka, sukari imeondoka, vyombo ni sawa. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo kwa ajili ya mtihani.

Kisha Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaalikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Wakati wa maswali Mpemba akasimama: maji mawili ya ujazo sawa, moja nyuzi 35, jingine nyuzi 100, kwa nini la nyuzi 100 linatangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliuliza kama kweli kijana amelifanya jaribio hilo, akaahidi kulijaribu akirudi. Fundi wa maabara Dar es Salaam akalifanya, akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi. Wakarudia. Jibu halikubadilika.

Makala yao wawili ilitoka katika jarida la Physics Education mwaka 1969, Mpemba akiwa wakati huo mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, karibu na Moshi. Walitumia bika za sentimita za ujazo 100 zenye maji 70, zikiwa juu ya povu la plastiki ili sakafu ya friza isihusike. Ajabu ya matokeo yao ni umbo lake: maji yaliyochukua muda mrefu kuliko yote kuanza kuganda ni yale yaliyoanza karibu nyuzi 25, na yaliyoanza karibu nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi kwa mbali. Walipoweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa, dalili kwamba joto lilikuwa likitoka zaidi kupitia uso wa juu. Walitumia maji yaliyochemshwa, kwa hiyo hewa iliyoyeyuka haikuwa maelezo. Na maji yaliyopotea kwa mvuke yalikuwa machache mno kubeba tofauti yote.

Nisingekuwa mkweli kwa wanafunzi kama ningewaachia hapo na kuwaambia kwamba maji ya moto daima huganda kwanza. Hapana. Mara nyingi hayagandi kwanza. Mwaka 2016 watafiti wawili Waingereza, Burridge na Linden, walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, wakaeleza kwamba hawakupata ushahidi wa maana wa athari hiyo. Wakaonyesha pia kwamba kuweka kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunatosha kukuonyesha kitu ambacho hakipo. Wao walipima kufika sifuri. Mpemba na Osborne walipima kuanza kuganda. Hayo ni maswali mawili tofauti, na ugomvi mwingi juu ya jambo hili umetokana na watu kutotaja wanapima lipi.

Upande wa pili, wazo lenyewe limekwenda mbali kuliko maji. Mwaka 2017 Lu na Raz walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo wa moto unaweza kweli kuupita ule wa vuguvugu ukielekea kwenye baridi, kwa sababu njiani haupiti katika hali zile zile. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Canada, wakaliona likitokea kwa chembe ndogo sana ndani ya maji ikisukumwa kwa leza, jaribio ambalo kila hatua yake ilidhibitiwa. Ile dhana iliyojificha katika hoja ya darasani, kwamba halijoto inatosha kueleza kila kitu, ndiyo iliyoanguka.

Ukitaka kulifanya nyumbani au shuleni, friza la kawaida linatosha. Tumia vyombo viwili vya aina moja, maji ya chanzo kimoja, na upime kwa mizani, si kwa macho. Chemsha maji yote, kisha nusu uyaache yapoe, ili hewa iliyoyeyuka isiwe tofauti nyingine. Weka ubao au kipande cha povu chini ya vyombo. Badilishana nafasi zao kila unaporudia, kwa kuwa kona moja ya friza huwa baridi kuliko nyingine. Amua kabla hujaanza: unapima barafu ya kwanza, au kuganda hadi katikati? Andika muda hata pale baridi inapotangulia. Na pima uzito mwishoni ujue mvuke umechukua kiasi gani.

Kuna jaribio moja ambalo wauza barafu za ukwaju na ubuyu wanaweza kulifanya vizuri kuliko maabara nyingi, kwa sababu vifaa wanavyo. Kifuko cha plastiki kikifungwa, mvuke hauna pa kutokea. Vingi vya juisi ya moto, vingi vya juisi baridi, sukari kipimo kimoja, vyote vimefungwa na kupangwa kwa kupishana frizani. Vile vya moto vikiendelea kutangulia hata vikiwa vimefungwa, mvuke umeondoka kwenye orodha ya sababu. Vikiacha kutangulia, basi rudia kwa vikombe vilivyo wazi, friza lile lile, juisi ile ile, uone kama vitatangulia tena.