Draipointi: picha inayokwaruzwa kwenye shaba

Draipointi ni mbinu ya kuchapa picha ambayo msanii hukwaruza mchoro wake moja kwa moja juu ya bamba la shaba nyekundu kwa sindano ngumu ya chuma. Hakuna tindikali ya kulila bamba kama ilivyo katika mbinu nyingine za shaba. Mstari ukiwa mzito au hafifu, ni mkono tu ulioamua.

Sindano hiyo haiondoi shaba, huisukuma pembeni, kama jembe linavyoacha tuta kando ya mfereji. Tuta hilo ni dogo mno, lakini ukilipitishia kidole utalisikia. Bamba likishapakwa wino na kufutwa kwa kitambaa, wino hubaki mferejini na mwingine hunaswa na tuta. Kisha huwekwa karatasi yenye unyevu, na vyote hupitishwa chini ya rola nzito. Mstari hutoka mweusi, kingo zake zimefifia kwa ulaini ambao kalamu haiupati. Picha nayo hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia.

Tatizo ni kwamba tuta halidumu. Kila karatasi inayopita hulilaza kidogo, na baada ya nakala chache mistari huanza kukonda. Ndiyo maana wakusanyaji hugombania nakala za mwanzo.

Berthe Morisot (1841–1895), mchoraji Mfaransa aliyeshiriki maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti (wachoraji waliojaribu kunasa mwanga na rangi za kitambo kimoja) mjini Paris mwaka 1874, aliijaribu mbinu hii kati ya 1888 na 1890. Mabamba yake hayafiki kumi, na hakwenda mbali kutafuta cha kuchora: bata wanaopumzika ukingoni mwa maji, ziwa la Bois de Boulogne (bustani kubwa ya Paris), binti yake Julie. Katika bamba moja Morisot mwenyewe anachora huku Julie akiwa ubavuni pake. Kwangu mimi hilo ndilo bora kuliko yote, kwa sababu mikwaruzo yake haikusafishwa. Unaona mkono ukitafuta umbo na kulipata njiani.

Bamba la Julie akiwa na paka lina kisa chake. Morisot hakulichora kwa kumtazama mtoto, bali alifuata picha ya rangi ambayo mchoraji mwenzake Renoir alimchora Julie mwaka 1887. Renoir alikuwa amelainisha kila kitu, uso na manyoya. Sindano ya Morisot ilibidi iseme hayo yote kwa mistari mitupu, bila rangi hata moja.

Ukikutana na chapa ya zamani na hujui ni ya mbinu gani, chukua lenzi utazame miisho ya mistari. Mstari uliolika kwa tindikali mara nyingi huishia butu. Wa draipointi huchongoka pale sindano ilipoinuliwa, na sehemu nyeusi zaidi huwa na ukungu wa wino pembeni.