Usiyafukuze mawazo, rudi kwenye pumzi

Wateja wangu wengi nikiwafundisha kutafakari, yaani kutulia na kufuata pumzi, wiki inayofuata wanarudi na lawama moja: "Hii kitu imenishinda, nikifumba macho ndiyo mawazo yanamiminika." Wauzaji wa Mwanjelwa, walimu wa Uyole, madereva wa malori ya Tunduma, wimbo ni ule ule. Haijakushinda. Umeanza kuona yaliyokuwa yakiendelea siku zote.

Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa utafiti ambao watu waliulizwa kwa simu, kwa kushtukizwa, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, akili ilikuwa kwingine. Na ikiwa kwingine, furaha ilipungua.

Kaa kwenye kiti au kigoda, mgongo wima, nyayo chini. Asubuhi za Juni na Julai huku Mbeya jitande blanketi, lakini pua iache wazi. Baridi yetu, kwa mara moja, ina faida: hewa ikiingia utaihisi kali puani, ikitoka ina uvuguvugu. Hapo hapo ndipo pa kuweka akili. Usivute kwa nguvu. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, kwa kuwa wakati wa kuitoa neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni, hupunguza kasi ya moyo.

Haitapita dakika, utajikuta kwenye ada ya shule au bei ya mbolea. Usibishane nayo, wala usijigombeze. Jiambie kimoyomoyo "nawaza ada", kisha rudi puani. Mbuzi akiingia kwenye mahindi ya jirani humchinji, unamswaga arudi, na atakwenda tena. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe, kwa hiyo aliyerudi mara thelathini amefanya kazi kubwa kuliko aliyesinzia kwa amani. Dakika tano zinatosha kuanzia.

Wengine wanahofia ni ibada ya kigeni. Mizizi yake mikubwa ni Ubuddha, sifichi. Ila mpango wa kutafakari wa wiki 8 alioanzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, akianza na wagonjwa wa maumivu sugu, hauna mungu wa kuabudu. Ukitaka kusali, sali ukimaliza.

Kama ulipata ajali mbaya au ukatili, na ukifumba macho picha zinarudi, usijilazimishe. Fumbua macho, sikilizia nyayo zako sakafuni, na picha zikizidi acha, ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili. Anayewaza kujiua asihangaike na kigoda. Aende hospitali leo, asiende peke yake.