Je, waendesha mashtaka wa shirikisho Marekani huondoka na Rais?

Wengi huamini kwamba Marekani ikipata Rais mpya, waendesha mashtaka wote wa shirikisho hufungasha virago. Lakini wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti ni wakuu wa ofisi za mashtaka tu: nafasi 93 kwa wilaya 94 za mahakama, kwani Guam na Visiwa vya Mariana Kaskazini vina mkuu mmoja. Muhula wao ni miaka 4. Wasaidizi wao, ambao ndio hasa husimama mahakamani kila siku, huteuliwa na Mwanasheria Mkuu, na wengi huhudumu chini ya marais kadhaa.

Ukitaka kuhakikisha, sheria zao zipo mtandaoni bure: juzuu ya 28 ya mkusanyo wa sheria za Marekani (United States Code), vifungu 541 na 542. Hati ya mashtaka nayo inasaidia. Mara nyingi mwishoni kuna jina la mkuu, kisha la msaidizi anayeendesha kesi.